Mpira Chini ya Kanzu

Kama unasoma haya huku umebana mapaja, ukihesabu hatua kutoka ulipo hadi chooni, karibu tukae. Mimi niliyabana miaka mitatu. Niliyabana kanisani, niliyabana shambani na misibani, na siku ya harusi ya mwanangu niliyabana nikiwa nimeshika kipaza sauti. Nilitoa nasaha za dakika mbili nikakaa, na watu wakanisifu kwamba mzee Laurenti siku hizi amejifunza kusema kwa ufupi. Sikuwa nimejifunza chochote. Naandika ili wewe usifike nilikofika, na kama umeshafika, ujue kwamba watu hutoka.

Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba, Mabawe, wilaya ya Ngara. Kwa miaka ishirini na saba nimekuwa katekista wa kigango chetu. Padri hutufikia mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali, na Jumapili nyingine zote ni mimi ninayesimama mbele na kanzu yangu nyeupe, naongoza sala na kufundisha watoto. Mtu wa namna hiyo hajazoea kuulizwa habari za mkojo wake. Mke wangu Veronika, ambaye angeniuliza bila kuogopa, alikuwa amefariki miaka minne kabla. Mwanangu Deusi yuko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na nyumbani huja Krismasi na Pasaka. Kwa hiyo tulibaki mimi, mke wake Kabula, na mjukuu wangu Neema aliyekuwa bado anatambaa.

Kabula ni Msukuma. Wazazi wake walihamia Nyarubungo, kule Biharamulo, na ng'ombe wao, na huko ndiko Deusi alikomwona. Tunatofautiana naye kwa mengi. Mimi nataka ndizi, yeye anataka ugali na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Sisi Wahangaza L inatushinda na wao R inawashinda, kwa hiyo nyumbani kwangu mmoja anasema "rete maji" na mwingine anajibu "halaka baba". Lakini jambo moja kwao na kwetu ni lilelile: mkamwana na baba mkwe huheshimiana kwa umbali. Alinisalimia amepiga magoti, macho chini. Chakula alikiweka mezani akaondoka. Hakukalia kiti changu wala hakuingia chumbani kwangu. Na jina langu hakulitaja. Akitaka kunizungumzia kwa watu alisema "baba" au "baba Deusi", na katika miaka mitatu sikuwahi kulisikia jina langu mdomoni mwake hata mara moja. Nililipenda hilo. Nilijiona mzee kamili.

Mkojo ulifunga asubuhi moja ya kiangazi, kahawa ikiwa imeanikwa uani. Sisemi ulipungua, nasema ulifunga. Nilisimama nyuma ya migomba mpaka jua likanipata, na hakuna hata tone. Kufika saa nne tumbo la chini lilikuwa limejaa na kuwa gumu kama boga, na nilikuwa natembea nimeinama nikimwambia Kabula kwamba ni gesi. Aliniangalia, mara moja tu, kisha akaenda barabarani kusimamisha bodaboda.

Hospitalini nililazwa kwenye kitanda cha wagonjwa wa dharura, na akaja nesi wa makamo, miwani yake imefungwa plasta upande mmoja. Anaitwa nesi Adela. Sitaeleza alichofanya, atakayefanyiwa atajua mwenyewe. Nasema tu kwamba mpira ulipoingia na mkojo ukaanza kutiririka kwenye mfuko, nililia mbele ya watu, na kwa dakika kumi nilimpenda mwanamke yule kuliko ndugu zangu wote. Kisha daktari akaniambia ni tezi dume, imekua imebana njia, dawa peke yake hazitatosha. Upasuaji ungefanyika Biharamulo, mwezi wa kumi na moja, kwa daktari wa kazi hiyo. Mpaka hapo mpira ungekaa ndani yangu, ukibadilishwa kila wiki nne, na mkojo wangu usiwe na wadudu, la sivyo daktari asingenigusa.

"Nyumbani nani atakuhudumia?" nesi Adela akauliza.

"Nitajihudumia."

"Mzee, mikono yako inatetemeka hata ukishika kikombe. Yule mama mwenye mtoto aliyesimama mlangoni ni nani?"

"Ni mkamwana wangu. Hawezi."

"Hawezi nini? Kunawa mikono?"

Nilimweleza mila. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamwita Kabula aingie. Kabula akaingia hatua mbili, akatupa kisogo kitandani na kuangalia ukuta, Neema akiwa mgongoni ananikodolea macho. Nesi akachukua glovu, akaijaza maji, akaifunga kwenye kipande cha mpira. Akainua mpira juu ya glovu, maji yakarudi. Akaushusha, maji yakatoka.

"Umeona? Mfuko uwe chini ya kiuno siku zote, akikaa, akilala, akitembea. Usiguse sakafu. Mpira usikunjwe, usikaliwe, usifungwe. Umwage mfuko kabla haujajaa, na kabla hujaugusa, sabuni. Na anywe maji. Mzee atakudanganya kwamba amekunywa. Mhesabie vikombe."

Kabula hakugeuka. Nilidhani hasikii. Nilipoona hivyo nilifurahi moyoni, nikajua mambo yangu yatabaki yangu.

Basi maisha ya mpira yakaanza, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu hospitalini hawakwambii. Hawakwambii kwamba nyumba yako mwenyewe itageuka chumba cha mahabusu. Mfuko una uzito wake, unavuta, kwa hiyo unatembea hatua fupi kama mtu mwenye kidonda. Kulala ni chali tu. Ukikohoa unajisikia kama unataka kwenda haja na huwezi kwenda, kwa sababu unakwenda muda wote bila kwenda. Mgeni akibisha hodi unachukua shuka kujifunika miguu, wakati wa jua kali, na mgeni anauliza kama una malaria. Nilimjibu kila mtu ndiyo, ni malaria. Mwezi mzima niliumwa malaria, Mabawe nzima ikaniletea machungwa.

Na ile harufu. Huenda haikuwepo, huenda ilikuwa kichwani mwangu tu, lakini niliisikia kwenye godoro, kwenye koti, hata kwenye kitabu cha sala. Nikaacha kwenda kukaa na wazee wenzangu kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikaacha kwenda kigangoni, nikamwachia msaidizi wangu Jumapili. Kutoka kitandani hadi kiti cha uani, kutoka kiti hadi kitandani. Kahawa iliyobaki iliiva, ikachumwa na vibarua wakiongozwa na Kabula, ikaanikwa, ikauzwa, na mimi niliiona kupitia dirishani.

Mfuko niliumwaga mwenyewe. Mara nyingine niliumwagia miguuni. Kabula alisimama nje ya mlango wa chumba na kusema, "Baba, nesi alisema kwanza sabuni," nami nikamjibu, "Nimesikia, mama Neema, nenda zako." Aliniletea maji kwenye jagi, kutwa mara nne, akiliweka kizingitini. Nilipoona kwamba nikinywa mfuko unajaa, nikaanza kumwagia maji yale mgomba wa dirishani. Ulistawi kweli mgomba ule, ulizaa mkungu ambao wanaume wawili walipokezana kuubeba.

Mpira wa pili uliwekwa kahawa ikiwa inakobolewa. Mpira wa tatu uliwekwa tulipokuwa tunangoja mvua ili tupande maharage. Nesi Adela aliinua mfuko akautazama kwenye mwanga. "Mchafu kama maji ya mto masika. Unakunywa?" Nikasema nakunywa. Mimi katekista. Akatikisa kichwa akasema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nikakasirika, maana methali hiyo nilikuwa nimeshawafundishia watoto mara nyingi kuliko yeye.

Sasa nisikilize kosa langu. Mwezi wa kumi, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, ilitangazwa kwamba askofu anakuja kutoa kipaimara. Watoto arobaini na mmoja wa kigango chetu niliwafundisha mwenyewe, miaka miwili, chini ya bati linalovuja. Katekista ndiye anayesimama mbele ya askofu na kusema kwamba wako tayari. Ningemwachia nani? Lakini nilijiona nimepiga magoti mbele ya watu, mfuko umevimba chini ya kanzu, mtoto mmoja anamwambia mwenzake angalia. Moyo ulikataa.

Sisi tuliozaliwa kwenye migomba tunafunga kila kitu kwa kamba ya mgomba. Maharage, mzigo wa kuni, mlango wa zizi, hata mguu wa kuku wa kupeleka sokoni. Nikajiambia kamba inayozuia kuku haiwezi kushindwa na mkojo. Jumapili ile asubuhi nikachana kamba nyembamba kutoka kwenye gome kavu, nikailoweka kama desturi ili iwe laini, nikaukunja mpira mara mbili, nikaufunga nikakaza. Mfuko mtupu nikauviringisha kiunoni chini ya koti. Nilikuwa sijanywa kitu tangu Ijumaa jioni. Nikavaa kanzu, nikajitazama, nikaona nimerudi kuwa mtu.

Ibada ilianza saa tatu. Askofu akatoa mahubiri marefu, mazuri, sikumbuki hata neno moja. Kufika watoto kupakwa mafuta nilikuwa natokwa jasho na kutetemeka kwa wakati mmoja, na lile boga la tumboni limerudi. Niliita majina arobaini na moja. Nashukuru Mungu nilimaliza. Watu walipoanza kuelekea kwenye pilau, mimi nikashika njia ya nyumbani kwa kupitia mashambani, nikishika mgomba mmoja baada ya mwingine.

Nilifika uani nikaanguka kwenye kiti. Nikaipandisha kanzu mwenyewe, nikaitafuta kamba. Yeyote aliyefunga mzigo anajua: kamba ya mgomba ikilowekwa halafu ikakauka mwilini mwa kitu, inabana kuliko waya. Vidole vyangu havikuweza. Kucha zilikatika. Nikaanza kupiga kelele, na aliyekuwepo ni Kabula peke yake.

Alikuja mbio kutoka jikoni. Akaniona nilivyo. Akasimama, akaziba macho kwa mkono mmoja, na mimi nikasema, "Toka! Kamwite mtu!" Lakini watu wote walikuwa kanisani. Akaondoa mkono machoni.

"Baba, umeufunga mpila," akasema.

"Fungua haraka, nakufa!"

Hakufungua. Aliondoka. Nikasikia maji yanamiminwa, nikasikia anasugua, polepole, sabuni kati ya kidole na kidole, kama alivyoelezwa na nesi miezi mitatu kabla huku ameangalia ukuta. Nilimtukana kwa Kihangaza, maneno ambayo katekista hapaswi kuyajua. Akarudi na kikombe cha maji ya moto kidogo, akapiga magoti kama anayesalimia, akaimwagia ile kamba maji taratibu mpaka ikalainika, kisha akaifungua kwa ukucha. Mfuko akaushusha chini ya kiuno. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama chai ya rangi, baadaye chenye damu. Alikuwa analia, machozi yanadondoka kwenye mikono yake, lakini mikono yenyewe haikutetemeka.

Homa ilikuwa imeshanipanda. Bodaboda tulipanda mishikaki, mimi katikati, yeye nyuma amenishika kifuani nisidondoke, mkamwana na baba mkwe, na barabara nzima watu wanatoka kanisani na nguo zao za sikukuu. Neema aliachwa kwa jirani. Kadi yangu ya hospitali ilibaki juu ya kabati.

Mapokezi palikuwa na karani nyuma ya dirisha. Meno yangu yalikuwa yanagongana kiasi kwamba sikuweza kusema.

"Jina la mgonjwa?"

"Ni baba," Kabula akasema.

"Baba nani?"

"Baba Deusi."

"Deusi ni jina la mtoto. Nataka la mgonjwa. Majina mawili."

Akanyamaza. Karani akauliza tena. Akanyamaza. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika, na mama mmoja akasema labda si baba yake, labda kamwokota njiani. Nililaza kichwa ukutani, na sitasahau uso wake ulivyokuwa. Alimtazama karani, akanitazama mimi, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya mapokezi, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti kubwa, "Laulenti Luhuga. Anaitwa Laulenti Luhuga. Mpokeeni, wadudu wameingia kwenye damu."

Nilishtuka kulisikia jina langu mdomoni mwake. Halafu sikumbuki tena mpaka Jumanne.

Nililazwa siku kumi na mbili. Nesi Adela alinibadilishia mpira wa nne, mapema kuliko zamu yake, bila kunisema hata kidogo, na kutosemwa kulinichoma zaidi. Mwezi wa kumi na moja ukanipita. Daktari wa Biharamulo alikataa, na alikuwa na haki, na tarehe mpya ikawa baada ya Krismasi, mwezi wa kwanza, mkojo ukiwa safi. Jeuri ya asubuhi moja, miezi miwili zaidi ya kifungo. Hiyo hesabu niliirudia kitandani mpaka nikaichoka.

Nyumbani nilimkuta dada yangu Paskazia ananisubiri. Alikuwa ameshasikia.

"Mkamwana kaona uchi wa baba mkwe," akasema, hata salamu hakunipa. "Mtararaje nyumba moja? Arudi kwao mpaka utakapopona."

"Na mpira huu utauhudumia wewe?"

"Mimi ni ndugu yako. Nitauhudumia."

Aliuhudumia siku moja na nusu. Siku ya pili alipoushika mfuko aliuona mkojo unatembea kwenye mpira akazimia, chali, mguu mmoja mlangoni, na Kabula ndiye aliyempepea. Mchana huohuo akakumbuka kuwa ana mbuzi anayekaribia kuzaa. Sikumlaumu. Kila mtu na moyo wake.

Basi Kabula akafunga kamba, safari hii ya katani, kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango, akatundika kitenge chake cha buluu katikati ya chumba changu. Mimi nilikaa upande mmoja kwenye kiti, yeye upande wa pili kwenye kigoda, na mpira ukapita chini ya kitenge. Yeye aliumwaga mfuko, akafuta bomba lake, akaangalia rangi. Mimi upande wangu nilijiosha, na yeye aliniongoza bila kuniona.

"Baba, umenawa?"

"Nimenawa."

"Sijasikia maji."

Nilinawa.

"Anzia pale mpila unapoingilia, ushuke nao kwenda chini. Usipandishe. Vikombe vingapi leo?"

"Sita."

"Vitatu. Mgomba wa dilishani umeshiba, baba. Kunywa mwenyewe."

Kumbe alikuwa anajua tangu mwanzo. Nilikunywa. Vuli nzima nilikunywa huku mvua inapiga bati, vikombe vinane, kumi, na yeye nyuma ya kitenge akisikiliza koo langu. Siwezi kusema nilikuwa na furaha. Kuna siku niliona kwamba nimekuwa mtoto mchanga mwenye mvi, na nilimchukia kwa sababu alikuwa anaona, na nilijichukia kwa sababu nilimchukia. Deusi alipokuja Krismasi alikaa na mimi upande wangu wa kitenge, akajaribu kufanya kazi ile, akafunga mpira vibaya ukalowesha godoro. Tuligombana. Nilimwambia kwamba mkewe amekuwa mwanangu kuliko yeye, akatoka nje akakaa kwenye kahawa mpaka jioni. Neno lile lilikuwa kali mno na nimemwomba radhi. Lakini tangu siku hiyo hurudi kila mwisho wa mwezi.

Mwezi wa kwanza mvua ikapumzika kidogo, na mkojo wangu ulipopimwa ukawa safi. Tukasafiri kwenda Biharamulo, mimi, Deusi na Kabula, mfuko umefungwa pajani chini ya suruali pana. Siku mbili kabla ya kulazwa tulifikia kwa wazazi wake, Nyarubungo. Fikiria aibu: mzee mzima kulala kwa mkwe mwenzako na mfuko wa mkojo. Baba yake, mzee Masanja, alinipokea kwa heshima zote, akachinja jogoo, hakuuliza kitu. Kesho yake asubuhi akaniomba twende tukaone ng'ombe. Tulipofika nyuma ya zizi, mbali na wanawake, akasimama akiangalia ndama.

"Mkwe, hivi, ule mpila unauma?"

"Unapoingia tu. Kwa nini?"

Akakwaruza ardhi kwa fimbo. "Nauliza tu." Akakwaruza tena. "Mimi nasimama muda mlefu. Mpaka ng'ombe wanapita wote."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili. Hata mama yake Kabula hajui."

Nikamwambia yote, pale pale, kamba ya mgomba na kila kitu. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu. Alicheka mpaka akashika uzio, kisha akaacha kucheka akaniuliza siku za kliniki. Ni kwa ajili yake nilianza kuandika haya, na kama na wewe unasimama mpaka ng'ombe wanapita wote, usingoje wa mwisho.

Upasuaji wenyewe nililala, sina la kusimulia. Nilipoamka mpira ulikuwepo bado, mnene zaidi, mkojo mwekundu kama divai ya altareni, na kila asubuhi ukapungua wekundu. Siku ya sita wakautoa. Nesi wa wodi akanipa kikopo na kusema, "Kunywa, halafu ukojoe mwenyewe. Usipoweza mpaka saa kumi, tunaurudisha."

Hakuna kesi niliyowahi kuingoja kama ile. Saa tatu, hakuna. Saa tano nilisimama nyuma ya pazia la wodi na kikopo mkononi, nikawaza mito yote ninayoijua, Ruvubu na Kagera, hakuna. Saa saba nikajaribu nimekaa. Matone matatu, yakachoma kama pilipili, yakakoma. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amerudishiwa wake jana, alilala amegeukia ukuta. Nikaanza kuuona ule mpira ukinirudia, na kitenge, na kiti cha uani, na kahawa ya mwaka mwingine kupitia dirishani. Niliogopa kuliko siku ya homa. Nilisali, lakini sikusali kwa ustadi wa katekista, nilisema tu basi, Bwana, basi.

Saa tisa nikasikia sauti ya Kabula kutoka kwenye benchi la nje, karibu na dirisha. Hakuingia. "Baba, vikombe vingapi?"

"Vinne."

"Ongeza viwili. Halafu usimame tu. Usiulazimishe."

Nikaongeza viwili. Nikasimama tu. Na ukaja. Kwanza kidogo, ukakatika, kisha ukaja kama watu wanavyokojoa, ukagonga kikopo kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia. Yule wa kitanda cha pili akageuka akapiga makofi. Nje ya dirisha Kabula akapiga kigelegele, kimoja, kisha nadhani akaona haya.

Tuliruhusiwa siku mbili baadaye. Deusi alikuwa amekwenda kutafuta gari. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido, suruali yangu, koti langu, hakuna kitu pajani, nikitembea hatua ndefu kwenda na kurudi kwa ajili ya raha yake tu. Kabula alikuwa dirishani pa dawa.

"Jina la mgonjwa?" mfamasia akauliza.

"Ni baba," Kabula akasema.

"Baba nani?"

"Baba Deusi."

"Mama, nahitaji jina lake. Hulijui?"

"Nalijua," akasema, na akainamisha macho. "Ila mimi ni mkamwana wake, silitaji. Yule pale, anatembea. Mwulizeni mwenyewe."

Nikaenda dirishani, yeye akasogea pembeni kunipisha, mbali kidogo, kama zamani.

"Laurenti Ruhuga," nikasema.